Tauni: jina la ugonjwa mmoja, au la kila kinachoua wengi?

Mjini Goma neno tauni utalisikia kanisani kabla ya kulisikia hospitalini. Wahubiri wanalipenda, na hawakulizua wao. Zaburi ya 91, ambayo watu wengi hapa wanaisoma bila kufungua kitabu, ina tauni mara mbili: ile iharibuyo na ile ipitayo gizani. Pembeni yake kuna neno jingine zee, uele, ambalo vijana wa leo wanalitamka wasijue ni kitu gani. Kwa hiyo maladi ikiingia mu kartié, kama tunavyosema huku kwetu ugonjwa ukiingia mtaani, muuguzi huwa hajaipa jina lake na tayari kuna mtu ameshaiita tauni.

Je, amekosea? Kwa lugha, hapana. Kamusi za Kiswahili zinalipa neno hili maana ya ugonjwa mbaya unaoenea haraka na kuua watu wengi, na papo hapo zinalipa maana ya ugonjwa mmoja mahususi unaoletwa na viroboto wa panya. Mtu akiyachanganya haya Ulaya, hasara yake ni ndogo, kwa sababu ugonjwa wenyewe huko umebaki katika vitabu vya historia. Sisi wa mashariki mwa Kongo hatuna anasa hiyo. Tauni halisi ipo hai kaskazini mwetu, mkoani Ituri, mwisho wa barabara ileile inayoleta maharage na abiria kupitia Beni na Butembo. Ndiyo maana nadhani neno hili linastahili kufunguliwa polepole, pamoja na ndugu zake: janga, mlipuko, epidemi, pigo.

Tuanze na lilikotoka. Tauni ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni tendo la kuchoma kwa mkuki. Mgonjwa anachomwa kutoka ndani, na mkono unaomchoma hauonekani. Wanavyuoni wa Kiislamu wa kale walikuwa makini kuliko sisi. Walikuwa na neno la pili, waba, kwa ugonjwa wowote ulioenea, na wakaweka kanuni kwamba kila tauni ni waba lakini si kila waba ni tauni. Kiswahili kilichukua maneno yote mawili, kisha kikawa kama kimesahau mpaka uliokuwa kati yao. Waba ilibaki katika kamusi za zamani ikiwa na maana ya kipindupindu. Tauni ikabeba mzigo wote uliobaki.

Pamoja na neno yalikuja mafundisho. Khalifa Umar, mwaka 639, alikuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria na jirani zake, aliposikia tauni imeingia huko, akageuza msafara. Hadithi ya Mtume inayotajwa katika kisa hicho inaagiza mambo mawili: ukisikia tauni iko katika nchi usiingie, na ikikukuta ndani yake usitoke kwa kuikimbia. Yeyote aliyepimwa joto la mwili mpakani pa Gisenyi, upande wa Rwanda, wakati wa Ebola mwaka 2019 atayatambua maagizo hayo, ingawa aliyempima alivaa koti la plastiki na hakutaja hadithi.

Kwa Wakristo neno lilipita mlango mwingine. Watafsiri wa Biblia walikuwa na kazi ya kutafuta Kiswahili cha maafa mengi yasiyofanana. Yale ya Misri, vyura na nzige na giza, wakayaita mapigo. Ile iliyoua mifugo ya Farao wakaiita tauni, na ile iliyoua watu 70,000 siku za Daudi pia wakaiita tauni, bila daktari yeyote kuwapima wafu wale. Pigo na tauni vikawa majirani. Na pigo lina kitu ambacho ugonjwa hauna: lina mpigaji. Hapo ndipo matatizo yetu mengi yanapozaliwa, nami nitarudi huko baada ya kumaliza habari za panya.

Mpaka mwisho wa karne ya 19 hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika tauni ni nini. Watu walihukumu kwa macho: uvimbe, homa, vifo vingi. Ile iliyopita Ulaya kati ya 1347 na 1351 iliua huenda theluthi moja ya watu au zaidi. Kisha mwaka 1894, wakati ugonjwa ukiua watu Hong Kong, daktari Alexandre Yersin alimwona mhalifu kwa darubini: bakteria ambaye leo anaitwa kwa jina lake, Yersinia pestis. Tangu siku hiyo tauni ya hospitalini ikawa na kipimo. Ama bakteria yupo, ama hayupo. Tauni ya mimbarini haikuhitaji kipimo na haijawahi kukitafuta.

Namna bakteria huyu anavyofanya kazi ni jambo la kustaajabisha, hata kama si la kupendeza. Anaishi kwa panya na wanyama wengine wadogo, na kiroboto anayenyonya damu yao humpata. Ndani ya kiroboto bakteria huongezeka hadi kuziba njia ya chakula. Kiroboto sasa ana njaa isiyoisha: anauma, damu haipiti, anaitapika pamoja na bakteria ndani ya jeraha, anauma tena. Panya wakifa wengi, viroboto wanabaki bila mwenyeji na wanamhamia binadamu, hasa anayelala chini sakafuni. Ndiyo sababu panya wanaokufa ovyo nyumbani, bila mtu kutega sumu, ni habari ya kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa mtu aliyeumwa, siku 1 hadi 7 hupita kabla ya homa kali. Kisha tezi iliyo karibu na jeraha huvimba na kuuma vibaya, mara nyingi kinenani au kwapani. Uvimbe wa tezi za kinenani Kiswahili kinauita mtoki, wingi mitoki, na hii ndiyo tauni ya mitoki. Bila dawa huua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100. Bakteria wakiingia kwenye damu hali inakuwa mbaya zaidi, na wakifika mapafuni tunapata sura ya tatu, tauni ya mapafu, ambayo haimhitaji tena kiroboto. Hupita kwa matone ya kikohozi kutoka mtu hadi mtu. Isipotibiwa, ni nadra mtu kupona. Ikitibiwa mapema, tauni ya aina yoyote inapona kwa antibiotiki za kawaida kabisa, zile ambazo hospitali nyingi za wilaya zinazo. Neno lenye kutisha kuliko yote katika zaburi ni ugonjwa ambao dawa yake ni ya bei nafuu, mradi mgonjwa afike mapema. Wachache sana wanajua hivyo, na sababu mojawapo naamini ni neno lenyewe: nani anakimbilia kituo cha afya kutafuta sindano ya kutibu hukumu?

Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 3,248 wa tauni duniani kati ya 2010 na 2015, na 584 kati yao walifariki. Nchi tatu ndizo zinazotajwa kila mara kuwa makao yake: Madagaska, Peru na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa Kongo makao makuu ni nyanda za juu za Ituri, upande wa Djugu, Mahagi na Aru, na ugonjwa unajulikana huko tangu enzi za Wabelgiji. Zoni ya afya ya Rethy ilikuwa na wagonjwa tena mwaka 2020. Mwaka 2005 tauni ya mapafu ilizuka kwenye mgodi wa almasi karibu na Zobia, magharibi zaidi, na wachimbaji wengi wakatoroka msituni kabla timu za afya hazijafika, yaani walifanya kinyume kabisa cha lile agizo la pili la zamani.

Wala si Ituri peke yake katika maziwa yetu makuu. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Robert Koch alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, karibu na Bukoba, ulikuwa tauni. Wenyeji walikuwa tayari wanaujua na kuuita rubwunga. Waganda walikuwa na kaumpuli. Milima ya Lushoto nchini Tanzania ilisumbuliwa na tauni kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Nayataja haya kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa tauni kama hadithi ya Wazungu waliovaa vinyago vyenye midomo ya ndege, wakati mababu wa majirani zetu walikuwa na jina lake kabla ya darubini.

Sasa, kama tauni ni jina la ugonjwa mmoja, hayo mengine tuyaiteje?

Goma inalo neno moja la kila siku, nalo ni epidemi. Limetoka katika Kifaransa, halina uzuri wowote, lakini kila mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Virunga analielewa. Redio za Dar es Salaam zingesema mlipuko, na Wakenya wangesema mkurupuko. Mlipuko ni neno zuri na ndilo linalopatikana katika Kiswahili cha mashirika ya afya, ila katika mji wetu lina kasoro ambayo wanaoandika mabango mahali pengine hawawezi kuiona. Hapa chini ya Nyiragongo, mlipuko ni mlima. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata mji katikati, na tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku. Mlipuko ni bomu pia, na mabomu hatuyajui kwa kusimuliwa. Mtangazaji akisema asubuhi kwamba kuna mlipuko Karisimbi, ambayo ni komini ya mji na vilevile jina la volkano, mtu anayebeba bido, yaani madumu, za maji mtaani hataifikiria kolera, yaani kipindupindu. Ataangalia juu. Kwa Goma ningeshauri watu waseme mlipuko wa kolera kwa ukamilifu wake, au waseme epidemi na wasione haya.

Mlipuko, ukisemwa vizuri, ni wagonjwa kuzidi idadi iliyotarajiwa mahali fulani kwa wakati fulani. Uzito wote uko kwenye kule kutarajiwa. Mgonjwa mmoja tu wa Ebola aliyethibitishwa ni mlipuko, kwa sababu idadi inayotarajiwa ni sifuri. Wagonjwa kadhaa wa kolera Goma katika wiki moja huenda wasiwe mlipuko, kwa sababu kolera hapa haiondoki. Imekaa kando ya maziwa ya Kivu na Tanganyika kama mpangaji, na sababu yake inaonekana kwa macho: mji wa watu wengi mno, mabomba machache, maji yanayochotwa ziwani bila dawa, vyoo visivyochimbika kirahisi kwa sababu chini ni mwamba wa lava. Ugonjwa wa namna hii, ulio pale mwaka mzima, Kiswahili kingeweza kuuita wa kienyeji au wa kudumu. Malaria ni hivyo. Kongo peke yake ina karibu asilimia 12 ya wagonjwa wote wa malaria duniani, na hakuna anayeamka asubuhi akasema malaria imeingia. Imeingia kutoka wapi? Haijawahi kutoka.

Ugonjwa wa kudumu unaweza kulipuka, na Goma iliona hilo kwa namna ambayo bado inafundishwa kwenye vyuo vya afya. Julai 1994 wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 waliingia kutoka Rwanda kwa siku chache tu. Maji yalikuwa ya ziwa. Ardhi ilikuwa jiwe, haikukubali choo wala kaburi. Kolera ilithibitishwa tarehe 20 Julai, ikafuatwa na kuhara damu, na katika mwezi mmoja karibu watu 50,000 walikufa, kambini na kando ya barabara. Hakuna bakteria wa Yersin aliyehusika. Lakini aliyeiona Goma ya mwezi ule akaiita tauni, mimi sina ubavu wa kumsahihisha, na sidhani kama neno jembamba zaidi lingemtosha.

Neno lililomtosha mtu wa namna hiyo katika Kiswahili cha leo ni janga. Janga ni pana. Njaa ni janga, moto wa soko ni janga, mafuriko ni janga. Zamani lilielekea zaidi kwenye balaa ambalo mtu analitafuta mwenyewe na kuwatumbukiza wenzake, ndipo wahenga wakasema mchuma janga hula na wa kwao. Kisha mwaka 2020 likapewa kazi mpya. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi mwaka ule kwamba korona imefikia hatua ya kuenea dunia nzima, vyombo vya habari vya Kiswahili vilihitaji neno moja la haraka, na janga likashika nafasi. Watanzania waliupa ugonjwa wenyewe jina UVIKO-19, ambalo huku Kivu halikushika kamwe. Sisi tulisema Kovidi au Korona basi. Lakini janga tulilichukua. Tatizo dogo ni kwamba sasa msomaji akikutana na janga la kipindupindu hajui kama mwandishi anasema kipindupindu kimeenea duniani, au anasema tu kwamba hali ni mbaya sana. Mara nyingi ni hilo la pili.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo takwimu zinalisema vizuri kuliko kamusi. Tangu 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020 Ebola ilikuwa Kivu Kaskazini na Ituri. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Dunia nzima ilikuja: magari meupe, chanjo mpya, ndege za mizigo, waandishi wa habari. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akathibitishwa Goma, mchungaji aliyefika kwa basi kutoka Butembo, na siku tatu baadaye ikatangazwa dharura ya kimataifa. Ndoo za maji ya klorini ziliwekwa kila mlango wa duka. Katika kipindi hichohicho surua ilikuwa inapita Kongo yote. Kuanzia mwanzo wa 2019 hadi Agosti 2020 ilihesabiwa kuwa na wagonjwa zaidi ya 380,000 na vifo zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Mara tatu ya waliouawa na Ebola. Sikumbuki ndoo hata moja iliyowekwa mlangoni kwa ajili ya surua, na kweli ndoo isingesaidia, kwani surua hupita hewani na kinga yake ni chanjo ambayo ipo tangu miaka ya 1960.

Kwa nini moja ilipewa majina yote makubwa na nyingine ikabaki ugonjwa wa watoto? Kwa sehemu ni haki: Ebola iliua wagonjwa wake karibu wawili kati ya watatu, na surua huua wachache kati ya wengi. Lakini sehemu nyingine ni neno. Jina surua lina mazoea. Kila bibi anajua surua, kila bibi ana mtoto aliyeugua akapona, na hasemi sana juu ya yule ambaye hakupona. Ugonjwa unaozoeleka haupati cheo cha tauni hata ukijaza makaburi.

Cheo hicho kikitolewa, nacho kina gharama yake, na hapa narudi kwenye pigo lenye mpigaji. Ebola ilipoitwa tauni makanisani, swali la kwanza halikuwa limeletwa na nini, lilikuwa limeletwa na nani na kwa kosa gani. Wengine walijibu kwamba ni dhambi. Wengine, hasa Beni na Butembo ambako watu walikuwa wanachinjwa miaka mingi bila gari jeupe hata moja kuja, walijibu kwamba ni biashara. Usemi wa Ebola business ulienea kuliko maelezo yoyote ya riposti, jina ambalo kila mtu alizipa timu za kupambana na ugonjwa. Siwacheki waliosema hivyo. Mtu ambaye hajawahi kuona msaada, ghafla akaona dola zinashuka kwa ugonjwa mmoja tu, ana haki ya kuuliza. Ila matokeo yake tunayajua: vituo vya matibabu vilivamiwa, wahudumu wa afya wakauawa, wagonjwa wakafichwa nyumbani hadi dakika ambayo dawa haiwezi tena kufanya lolote. Ukilinganisha na yale maagizo mawili ya zamani, utaona watu wa kale angalau waliambatanisha neno tauni na jambo la kufanya. Sisi tuliliambatanisha na mtu wa kulaumiwa.

Ndiyo maana siku hizi wahudumu wenye busara Goma hawasemi tauni wala janga mbele ya mgonjwa. Wanasema jina la ugonjwa. Mama, mtoto ana kolera, tunampa seramu. Papa, hii iko mpox, usishikane na wengine, ile vidonda ikauke kwanza. Inatosha.

Mpox yenyewe ni somo zuri la vyeo vinavyopanda na kushuka. Ni ugonjwa wa nyumbani kwetu: mgonjwa wa kwanza binadamu alitambuliwa Zaire mwaka 1970, huko Equateur. Kwa karibu miaka 50 ulibaki zaidi kwenye vijiji vya misituni na haukupewa jina lolote la kutisha. Mwaka 2023 aina mpya ilijitokeza Kamituga, mji wa dhahabu Kivu Kusini, ikipita kwa mgusano wa karibu ukiwemo wa kitandani, ikafika Bukavu, ikafika kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa Goma. Tarehe 14 Agosti 2024 ikawa dharura ya kimataifa, na tarehe 5 Septemba 2025 dharura ikaondolewa. Wengi walisikia tangazo hilo la mwisho wakaelewa kwamba ugonjwa umekwisha. Dharura ni cheo cha kuamsha serikali na wafadhili. Hakiwekwi kwa virusi wala hakiwaondoi. Jina la zamani, ndui ya nyani, nalo limeachwa rasmi tangu Novemba 2022, kwa sababu lilimtukana mgonjwa na kumsingizia nyani, ambaye si yeye anayeutunza ugonjwa porini.

Kuhusu sarufi, mambo ni machache. Tauni haibadiliki katika wingi: tauni imeingia, tauni zimeingia. Janga ni majanga, mlipuko ni milipuko. Gonjwa, ambalo magazeti hulipenda, ni ugonjwa uliokuzwa tu, kama vile jitu kwa mtu; halisemi chochote kuhusu kuenea. Na ukitaka kutumia tauni kwa sitiari, tauni ya rushwa, tauni ya ukabila, hakuna polisi wa lugha atakayekukamata. Mimi ningeepuka kufanya hivyo katika habari inayosomwa Bunia, mji wa Ituri.

Limebaki suala moja ambalo wafugaji wananiuliza kuliko wote. Kifaransa kina neno peste, na mashamba yetu yamelirithi kwa wanyama. Kuna peste ya nguruwe, kuna peste ya mbuzi na kondoo, zamani kulikuwa na ya ng'ombe, ambayo Kiswahili kinaiita sotoka na ambayo ilitangazwa kufutika duniani mwaka 2011. Watu wanapotafsiri peste ya nguruwe kuwa tauni ya nguruwe, mnunuzi sokoni anasikia tauni na anafikiria panya, mitoki, Zaburi. Magonjwa haya matatu yote ni ya virusi, kila mmoja na wake, na hakuna hata mmoja wenye undugu na bakteria wa Yersin. Homa ya nguruwe ya Afrika, hilo ndilo jina lake zuri la Kiswahili, huangamiza zizi zima kwa siku chache na haina tiba, lakini haimwambukizi binadamu. Nyama ya nguruwe mgonjwa isiuzwe wala mabaki yake yasitupwe kwa nguruwe wengine, kwa sababu ndivyo inavyohama kutoka zizi hadi zizi. Ile ya mbuzi na kondoo inaitwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ina chanjo, na mfugaji aombe chanjo kwa jina hilo au kwa jina la Kifaransa, peste des petits ruminants, ambalo ndilo daktari wa mifugo wa Goma ataliandika kwenye karatasi.